Themanini na Nne za Sebuleni

"Themanini na nne, Libérata! Themanini na—"

"Za nani? Nakuuliza, za nani hizo—"

"—na nne kwa mia! Mwanaume anapata themanini na nne, mke wake badala ya kupiga vigelegele anapiga—"

"Sebule ndiyo iliyopata! Kochi limepata, zulia limepata, Darius na mdomo umejaa dagaa wa ndakala amepata—"

"Usimwingize Darius!"

"—wewe sijui umepata ngapi. Na wewe mwenyewe hujui."

Wakaishiwa pumzi kwa pamoja. Kwenye hicho kimya jirani wa chini akapata nafasi yake, akagonga dari na mpini wa ufagio, ko, ko, ko, kama hakimu aliyechoshwa na kesi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Novemba ya mwaka tisini na nane, kwenye jengo moja refu la Rexdale, Toronto, linaloitazama barabara ya Kipling. Mtihani ulikuwa Jumatano. Anayetaka kujitoa bila kuchafua jina lake chuoni alikuwa na ruhusa mpaka Jumatatu saa sita mchana. Libérata alikuwa amebeba hiyo Jumatatu kichwani wiki nzima kama ndoo isiyo na kata, inamwagikia.

Eustache, mumewe, aliwahi kufika mwaka wa tatu chuoni Bukavu, biolojia na kemia, kabla chuo hakijafungwa na yeye kwenda zake Uvira kufundisha. Vita vilipofika, karatasi zake zote zilibaki kwenye kabati, kabati likabaki kwenye nyumba, na nyumba ikawa majivu. Toronto ikampokea, ikamuuliza cheti kiko wapi, akaeleza, ikampa pole na kazi ya kutengeneza vifuniko vya plastiki karibu na uwanja wa ndege. Vifuniko vya vikombe vya kahawa. Mashine inavimwaga vikiwa vya moto, na moshi wake unaingia kifuani kwa mtu na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa. Eustache alikuwa na kikohozi ambacho sasa hata watu wa kanisani walikijua. Kikisikika kwenye korido, wanasema Papa Yvette huyo, kwa jina la binti yake.

Ndipo chuo kimoja cha ufundi kikaleta mpango wake. Huna karatasi? Sawa, tuonyeshe kichwa. Unakaa mtihani mmoja wa mwili wa binadamu. Ukifaulu, unahesabiwa umeshasoma mwaka wa kwanza wa ufundi wa maabara, unaingia wa pili Januari, na mwaka wa pili una madarasa ya jioni. Ukifeli, hakuna kurudia. Unaanza mwaka wa kwanza kama watoto wengine, na mwaka wa kwanza ni wa mchana tu. Mchana ni zamu ya kiwandani. Kwa hiyo kufeli maana yake ni vifuniko. Vifuniko mpaka astaafu, au mpaka mapafu yastaafu kabla yake.

Mama mmoja mshauri wa pale chuoni, mpole, mwenye miwani imening'inia shingoni, aliwapa mitihani mitatu ya majaribio. Libérata alikuwepo, alimsikia kwa masikio yake. "Fanya peke yako," yule mama alisema, "kimya, na saa mbele yako. Ukivuka sabini na tano, njoo. Ukiwa chini, ahirisha mpaka mwakani. Hakuna aibu."

Yote wakayaelewa, yote wakayashika. Hilo la peke yako tu ndilo lililodondoka kwenye basi wakati wa kurudi. Peke yako! Katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo hata ukioga kuna mtu anakusemesha kupitia mlango? Kule walikotoka, mtu akiwa na mtihani, watu wanakuja. Unamwachaje mwenzio na maswali mia moja, wewe ukae kwako unatazama hoki?

Basi watu walikuja. Alikuja Onesphore, Mrundi, kiongozi wa kwaya, aliyewahi kuwa karani wa zahanati Bujumbura na tangu wakati huo akajihesabu nusu daktari. Alikuja Amandine mkewe, anayelea wazee katika nyumba ya wazee kule Islington. Alikuja Darius, kijana mkubwa asiye na mke, anayekata nyama kiwandani na anayejua saa za chakula za kila familia ya Kikongo kuanzia Rexdale hadi mtaa wa Jane na Finch. Eustache anasoma swali kwa sauti ya ualimu, halafu sebule nzima inalirukia.

"Kilango cha moyo chenye vipande vitatu kiko upande gani?"

"Kulia," alisema Darius.

"Kushoto!" Onesphore akanguruma. "Andika kushoto."

"Yaya Onesphore," alisema Darius, kwa ile yaya ya Kikongo ya kumheshimu kaka, "mimi nashika mioyo kila siku."

"Ya ng'ombe!"

"Ng'ombe naye ana kulia na kushoto. Au yeye kazaliwa bila pande?"

"Andikeni kulia tuendelee," alisema Amandine, "mboga ya sombe inapoa."

Eustache akaandika kulia, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, na wakaenda hivyo hivyo mpaka swali la mwisho. Wakasahihisha pamoja. Wakipata, wanapiga makofi. Wakikosa, Onesphore anaeleza kwa nini kitabu ndicho kilichokosea. Jumamosi ya kwanza walitoka na sabini na tisa. Ya pili, themanini na nne, na Onesphore akaanzisha wimbo wa shukrani uliomfanya jirani wa chini karibu avunje ufagio.

Libérata alikuwa jikoni Jumamosi zote mbili, mikono kwenye unga, masikio sebuleni. Na sebuleni alisikia kitu ambacho kwanza alidhani ni mawazo yake mabaya tu. Mumewe anasoma swali. Ananyamaza. Anangoja. Wenzake wanabishana mpaka mmoja awe na sauti kuliko wengine. Halafu Eustache anasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyokuwa nafikiri," na anaandika. Kila mara. Kama msoma habari wa redio, ambaye habari zote zinatoka kinywani mwake na hata moja si yake.

Akajiambia, acha, mwanamke, usiwe na roho ya kwa nini. Lakini Alhamisi asubuhi Eustache alikuwa ananyoa ndevu, mlango wa bafu wazi, na yeye akapita na kapu la nguo akamtupia swali tu, kama mzaha:

"Papa Yvette, kongosho linafanya kazi gani?"

Eustache akakung'uta wembe kwenye sinki. Akafikiri.

"Tuliweka b," akasema.

Libérata alicheka. Alicheka mpaka jikoni. Huko kicheko kikamwisha ghafla, akashika ukingo wa meza akasimama hivyo hivyo na kapu lake kiunoni.

Kwa sababu alimkumbuka Tharcisse. Mwaka uliopita Tharcisse naye alikuwa na mtihani wa namna hiyo, wa umeme, na sebule ilikuwa ya Onesphore, lakini watu walikuwa wale wale. Themanini na kitu. Walimsindikiza mpaka mlango wa chuo, kama bwana harusi, na pambio juu. Alama alizopata hakuna aliyezijua. Tharcisse hakusema. Aliacha kuja kanisani, akaacha kupokea simu, na siku moja Libérata alimwona kwenye kituo cha basi, akamwita, naye Tharcisse akavuka barabara magari yakipiga honi. Kundi lilikaa kulijadili hilo. Likaona Tharcisse alikuwa na woga. Likaona pia huenda hakufunga ipasavyo. Hakuna aliyeuliza kuhusu sebule.

Hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wa Jumamosi. Mtihani wa tatu wa majaribio ulikuwa haujaguswa. Walikuwa wameuhifadhi kwa ajili ya jioni ile, wa kumalizia, na Amandine alikuwa ameahidi sambusa. Libérata alikuwa ameuchukua kutoka juu ya televisheni akauficha nyuma ya mgongo wake kama mtu aliyeficha fimbo.

"Huu haukai sebuleni," alisema, sauti sasa chini kwa heshima ya jirani. "Unaingia nao chumbani. Peke yako. Saa ninayo mimi."

"Unanitilia nuksi, mama. Siku nne kabla ya mtihani."

"Kama unajua, unaogopa nini? Kitanda?"

"Nakuogopa wewe."

"Vizuri. Mimi sina majibu, nina saa tu."

"Wakija wakakuta tumeshaufanya? Watasema tumewaficha. Amandine kakaanga sambusa."

"Watakula sambusa. Sambusa hazihitaji maswali."

Eustache akaitazama ile karatasi. Akakohoa, kile kikohozi kirefu kinachoanzia magotini. Kisha akanyoosha mkono na kuipokea, na Libérata akaona mkono wenyewe hauna haraka yoyote.

Chumbani hakukuwa na meza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaweka sanduku la nguo mapajani. Libérata akafunga mlango, akavuta kiti cha jikoni, akaketi nje yake na saa ya ukutani mapajani, kama askari wa benki. Yvette binti yao alikuwa kwa rafiki yake ghorofa ya chini. Nyumba ilikuwa kimya, kimya ambacho hata friji lilikionea aibu.

Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo.

"Maji."

Akampa maji. Mlango ukafungwa.

Baadaye sauti ikatoka ndani, ya chini, ya ualimu: "Ni sehemu gani ya figo ambayo—"

"Papa Yvette."

"Sikuulizi! Nasoma tu kwa sauti. Mimi nimezoea kusoma kwa sauti."

"Soma moyoni."

"Moyoni hakusikiki."

Libérata akainuka, akawasha redio jikoni, akarudi kwenye kiti chake. Redio ilikuwa inatangaza theluji. Mwanamke wa redio aliisema kwa furaha, kana kwamba ni zawadi. Nyuma ya mlango karatasi iligeuzwa, ikageuzwa tena, ikarudishwa nyuma. Kisha kukawa na muda mrefu ambao hakuna kilichogeuzwa. Libérata alitamani kusema kitu chochote. Alikuwa na jibu moja la hakika, lile la kongosho, amelitafuta mwenyewe kitabuni Alhamisi. Lilikuwa limemjaa mdomoni kama maji ya moto. Akalimeza.

Muda ulipokwisha aligonga mlango, kwa adabu, kama chumba cha mgonjwa. Eustache akampa karatasi bila kumtazama. Libérata akaketi pale pale kitandani, akafungua ukurasa wa majibu, akachukua kalamu nyekundu ya Yvette ya shule na kuanza. Alikuwa anasahihisha kwa wino hafifu, kwa woga, kama mtu anayemkuna aliyelala. Mumewe alisimama dirishani akiyatazama mabasi ya Kipling yakisimama na kuondoka, yakisimama na kuondoka.

"Ngapi?"

Alihesabu mara ya pili kwa matumaini.

"Mama Yvette. Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Eustache akacheka. Kicheko cha kweli kabisa, cha tumboni. "Umehesabu vibaya. Wewe hesabu hukuwahi kuiweza." Akainyakua karatasi, akahesabu mwenyewe kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika ukurasa wa mwisho kidole kilibaki pale pale kwenye karatasi, hakikwenda popote.

"Haya mambo nilikuwa nayafundisha," akasema. "Uvira. Nilikuwa nachora figo ubaoni bila kutazama kitabu. Wanafunzi walikuwa wanapiga makofi."

"Najua. Miaka imepita. Na hiki ni Kiingereza. Yatarudi, Papa Yvette, lakini si kufikia Jumatano. Jumatatu tunakwenda, unajitoa, mwakani—"

"Mwakani." Akakikohoa hicho kikohozi, akajishika ubavu. "Wewe hukioni hiki kifua?"

"Nakisikia kila siku."

"Sasa unaniambia mwakani."

Mwakani ilikuwa vifuniko vya mwaka mzima. Lakini Jumatano, kwa arobaini na moja, ilikuwa vifuniko vya maisha. Libérata alizipima hizo mbili na zote zilikuwa na uzito wa mtu aliyelala usingizi wa pono.

"Tharcisse alipata ngapi?" Eustache akauliza.

"Hakusema."

"Hm," akasema. "Sasa namwelewa."

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Ilibonyezwa na mtu asiyejua kubonyeza mara moja, yaani Onesphore.

"Usiwaambie," alisema Eustache.

"Sisemi. Sema wewe."

"Nitasema."

Akafungua mlango na theluji ikaingia na watu. Onesphore mbele na koti lake refu la msaada wa kanisa, Amandine na sinia lililofunikwa kitambaa, Darius nyuma amebeba kinywaji cha chupa kubwa na njaa yake ya kawaida. Hata viatu hawajavua.

"Mwalimu! Uko tayari? Leo tunaumaliza huo wa tatu, tunauvunja mgongo!"

"Nimeshaufanya," alisema Eustache. "Peke yangu."

"Peke yako?" Onesphore akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Na umepata ngapi?"

Libérata alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwona mumewe akifungua mdomo, akamwona akitazama zile nyuso tatu zenye theluji kwenye nyusi.

"Themanini na sita."

Amandine akapiga vigelegele, sinia mkononi, sambusa mbili zikaruka. Darius akamnyanyua Eustache mzima mzima. Onesphore kwa furaha akakivaa tena kiatu alichokivua, akakivua, akaanza kulia kidogo, maana alikuwa mtu wa machozi ya karibu. "Peke yake! Mmesikia? Tumemfundisha mpaka sasa anaruka mwenyewe!"

Libérata akarudi jikoni akafungua bomba, si kwamba kulikuwa na chombo cha kuosha. Amandine akamfuata, akamkumbatia kwa nyuma, mashavu baridi.

"Hongera, mama. Unaosha nini?"

"Mikono tu."

"Sikiliza nikwambie siri. Yangu mimi na wewe." Amandine akashusha sauti. "Tangu Tharcisse, Onesphore halali vizuri. Anadhani watu wanasema yeye ndiye mwenye mkosi. Sasa Mungu amemfuta machozi. Kesho mchungaji atamwita Papa Yvette mbele, wamwekee mikono. Na Jumatano tumepanga magari matatu ya kumsindikiza. Kwaya yote. Wengine wameomba ruhusa kazini."

"Magari matatu," alisema Libérata.

"Matatu! Kama harusi."

Libérata akafunga bomba. Aliona jinsi itakavyokuwa. Aliyaona magari, aliisikia kwaya kwenye maegesho ya chuo, wazungu wamesimama wanatazama. Aliuona mgongo wa mumewe ukiingia kwenye ule mlango wa kioo. Na baada ya hapo aliiona barabara, na Eustache akiivuka magari yakipiga honi. Kusema sasa, mbele ya watu, ni kumvua mume nguo sebuleni kwake. Kutosema ni kumvalisha vizuri na kumpeleka akavuliwe kule. Mwanamke achague.

Waliporudi na sahani, Onesphore alikuwa ameshashika usukani.

"Bon. Hiyo karatasi ya themanini na sita iko wapi? Naitaka. Kesho nitaishika juu wakati wa ushuhuda. Watu wa imani haba wanataka kuona kwa macho."

"Iko chumbani," Libérata alisema upesi. "Kuna fujo. Kuleni kwanza."

"Shemeji, mimi fujo za chumbani sizitazami, nataka karatasi tu."

"Nimesema kuleni kwanza, Onesphore."

Alikuwa hajawahi kumwita jina bila kaka wala shemeji mbele yake. Darius alikuwa ameshaanza sambusa, akaacha kutafuna.

"Haya, haya," Onesphore akasema, akicheka kidogo. "Basi tumpashe moto bwana harusi tukila. Mwalimu, tupe moja. La wiki iliyopita, nalikumbuka: sukari kwenye damu inashushwa na nini?"

"Insulini," alisema Amandine, "wazee wangu wote wanachomwa."

"Inatoka wapi?"

"Ini," alisema Darius. "Mimi ini nalijua."

"Ini gani! Kongosho!"

"Yaya, ini ndilo kubwa. Kitu kidogo kama kongosho kitaiweza sukari yote ya mtu?"

"Mwalimu, mwambie huyu bucha!"

Wote watatu wakamgeukia Eustache. Libérata naye akamgeukia, na akaiona ile subira yake ya kila Jumamosi, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, akingoja sauti moja iwe kubwa kuliko nyingine. Sauti zilikuwa zimenyamaza. Zilikuwa zinamngoja yeye.

Eustache hakusema ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Aliweka sahani chini. Aliinuka, akaenda chumbani, na Onesphore akapiga kofi kwenye paja: "Voilà! Analeta karatasi."

Akarudi na karatasi. Libérata akazitazama mara moja akajua si ile ya leo. Zilikuwa zile mbili za zamani, ya sabini na tisa na ya themanini na nne, kona zake zina madoa ya mafuta ya mawese. Akasogeza sinia la sambusa, akazitandika mezani moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Kalamu nyekundu ya Yvette ilikuwa sikioni mwake.

"Nimewadanganya," alisema. "Leo, peke yangu, nimepata arobaini na moja."

Wote wakalirukia kwa pamoja.

"Uchovu huo!" alisema Amandine. "Mtu wa zamu—"

"Ni shambulio," alisema Onesphore, "hilo ni shambulio la adui kabisa, siku nne kabla—"

"Kumi ungeongeza kama ungekula kwanza," alisema Darius.

"Na nani kamfungia mtu chumbani kama mbuzi?" Onesphore akamgeukia Libérata, uso umemjaa damu. "Shemeji, ni wewe? Mtu alikuwa anaruka! Sisi tumemjenga wiki na wiki, wewe umemvunja mchana mmoja! Ndivyo walivyomfanyia Tharcisse, kuna mtu tu alimvunja—"

"Sikumvunja mtu mimi," alisema Libérata. Sauti yake ilikuwa ndogo na ilimshangaza. "Nilimpa saa."

"Saa! Kwa nini saa? Sisi tulihitaji saa?"

"Onesphore," alisema Eustache. "Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Keti."

Onesphore akaketi. Chini, jirani akagonga ufagio wake, kwa kuchelewa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Eustache akakohoa. Walimngoja amalize, na ilichukua muda, na katika muda huo kila mtu alitazama mahali pake pa kutazama: Darius sambusa yake, Amandine mikono yake, Libérata mgongo wa mumewe unavyopanda na kushuka chini ya shati.

"Jumatatu saa sita chuo kinafunga kujitoa," akasema alipopata pumzi. "Labda nitakwenda kujitoa. Labda sitakwenda. Bado sijui."

"Tutafunga," alisema Onesphore haraka. "Sisi wote. Kesho na keshokutwa, tutafunga na kuomba mpaka—"

"Sikuombeni hilo."

"Unaomba nini, basi?" Amandine akauliza. "Sema, Papa Yvette. Chochote. Sisi ni watu wako."

Libérata alidhani anajua kinachokuja. Alidhani ataomba wasimwambie mchungaji. Alidhani ataomba waondoke. Eustache akaichomoa kalamu sikioni, akaing'oa kifuniko kwa meno, akamsogezea Amandine kwa upande wa kushikia, kwa adabu, kama anayempa mgeni kisu.

"Anza wewe," alisema. "Pita swali moja moja, futa kila jibu ulilolisema wewe. Ukimaliza mpe Darius, naye afute yake. Halafu Onesphore. Na usinionee huruma, kaka, najua ya kwako ni mengi. Kila mtu aondoe lake. Tafadhalini. Nataka kuona yatakayobaki."